Bampa la Ashura binti Mbaruku

Watu wa Bagamoyo tuna tabia moja siipendi: mtu akishashinda, kila mmoja alikuwa upande wake tangu mwanzo. Leo ukiuliza habari ya gari la Ashura binti Mbaruku, hukosi kibaraza kitakachokuambia, "Aa, sisi tulijua zamani kwamba gari ni lake." Uongo mtupu. Walipotakiwa kusema, walitazama vidole vya miguu yao. Mimi Chausiku nilikuwapo. Nitaeleza ilivyokuwa, na atakayenuna na anune.

Ashura alikuwa mpishi wa arusi, na mimi nilikuwa mwenzake jikoni. Alirithi kwa mama yake masufuria makubwa ya shaba, yale ambayo ukilishika moja peke yako kiuno kinakukumbusha umri wako. Hakuna sufuria lake lililopata kulala na doa. Tulisugua kwa ukwaju na majivu mpaka uso wako ukauona ndani, na bado yeye alipita nyuma yako na kitambaa chake, akitafuta ulichokiacha. Katika kusugua huko jicho lake likajua madini. Karabai iliyotiwa nikeli na samawari ya bati alizitenga kwa mbali, jua likiwa limezama, bila kuzigusa.

Mwaka wa arobaini na sita Fakhruddin, mwenye duka la vyombo, alimwoza binti yake Bilkis, na kazi ya jiko akampa Ashura. Alimuuliza anataka nini kwa kazi hiyo. Ashura akanyoosha kidole uani, mahali palipokuwa na Fodi kuukuu ya miaka ya ishirini, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva.

"Nataka lile."

"Lile gari? Bi Ashura, lile limekufa. Hata bampa halina."

"Nimeona. Nataka lile."

Fakhruddin alicheka mpaka akakohoa, lakini neno lake alilitimiza. Bilkis aliolewa Mombasa, gari likasukumwa hadi kwa Ashura, kuku wakalifuata njia nzima wakidai kiti chao. Mji ulicheka. Ashura akasema amechoka kuona masufuria ya mama yake yakiyumba kwenye vichwa vya watu, na kwamba wenye kucheka wacheke upesi, maana hawatacheka siku nyingi.

Mumewe, Majaliwa, alikuwa dereva wa lori la mkonge, mtu mpole asiyependa makuu. Kila siku ya mapumziko alijilaza chini ya Fodi ile, na siku moja ikanguruma. Lakini mbele ilikuwa tupu. Bampa lake lilikuwa limeng'olewa wakati wa vita, chuma kilipokuwa adimu, na vipande vikaenda kila kimoja kwa njia yake. Majaliwa akaleta bampa la lori kutoka Dar es Salaam.

"Bampa ni bampa," alisema.

Ashura alilitazama mara moja tu. "Hili si lake. Lirudishe."

Aliwezaje kujua? Nyuma ya gari vilikuwa vimebaki vibampa viwili vidogo, kimoja kila upande, na hivyo ndivyo alivyovifanya mwalimu wake. Kila kimoja kilikuwa vyuma viwili bapa, kimoja juu ya kingine, vimepinda mwishoni, vimeshikwa kwa bolti yenye kichwa cha mviringo. Alivisugua masizi na kutu mpaka rangi yake ikatoka: weupe wa nikeli, ule wenye umanjano kidogo ndani yake. Mikono ya chuma iliyotokeza mbele ya gari ilikuwa na tundu juu na tundu chini. Kwa hiyo alichokuwa akikitafuta ni vyuma viwili, si kimoja, na vya umanjano ule ule. Akaanza kuuliza kila dereva na kila mchuuzi wa samaki aliyepita.

Cha kwanza tulikipata Saadani. Tulikwenda watu watatu, yeye, Majaliwa na mimi, kwenye uchanja wa kukaushia samaki wa mwanamke mmoja aitwaye Mwanabaraka. Chuma kilikuwa kimelala juu ya moto, kimebeba uchanja wote. Ashura akaomba limau. Akasugua mahali padogo, pakatoka weupe ule. Upande wa ndani, katikati, moto ulikuwa umeula mpaka ukaacha doa jeusi lenye malengelenge. Kulitoa lile doa hakungewezekana hata kwa ukwaju wa pwani nzima. Alikichukua hivyo hivyo, naye akamwachia Mwanabaraka sufuria lake dogo la shaba, lile alilolipenda kuliko yote. Mimi nilikasirika kwa niaba ya lile sufuria.

Mwanabaraka akamgeukia Majaliwa. "Bwana, hilo gari lako litakuwa zuri."

Majaliwa akacheka. "Gari la mke wangu hilo. Mimi dereva wake tu, na mshahara wangu pilau."

Aliyasema bila aibu, na nilimpenda kwa hilo. Wanaume wangapi wa pwani hii wangeyasema mbele ya watu?

Cha pili kilikuwa kwa mhunzi, Mzee Pazi, kwenye njiapanda ya Chalinze. Tulikiwahi kidogo tu. Alikuwa ameshaweka tindo akikate afanye panga, na alama ya tindo ilikuwa imeingia upande wa ndani, karibu na tundu la kushoto. Pazi naye aliuliza gari ni la nani, na Majaliwa akajibu vile vile, maneno yale yale na kicheko kile kile. Ashura aliahidi kumpikia Mzee Pazi siku ya kumwoza mwanawe, na alimpikia.

Bampa likafungwa. Ijumaa hata Ijumaa Ashura alilisugua mbele ya mlango wake, na watu wakaliita bampa la Ashura. Maarusi walipandishwa humo, masufuria yakabebwa humo, na maji ya bahari yakitoka Majaliwa alimfundisha mkewe kuendesha kwenye mchanga mgumu wa ufukweni. Kadi ya gari iliandikwa jina la Majaliwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na leseni. Hatukuliona hilo kuwa jambo. Mke na mume wanaopendana hawafikirii mambo ya kadi.

Majaliwa alifariki mwaka wa hamsini na tatu, homa ya juma moja. Alikuwa hana mtoto, ila ndugu mmoja, Hija, mwenye kuuza nazi kwa jumla na kuvaa kofia ya kazi bora hata akienda kisimani. Siku tulipoondoa matanga, Hija alisimama nje ya pazia la chumba cha Ashura.

"Shemeji, pole. Gari nalichukua nilihifadhi, wewe uko edani."

"Hija, gari ni langu."

"Shemeji, msiba unakuchanganya. Kadi ina jina la marehemu. Mirathi ikigawanywa, robo yako utapewa."

Akachukua ufunguo ukutani akaenda zake. Ashura alikuwa mjane wa siku tatu, ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, haendi sokoni, hasimami barazani kutoa hoja. Hija alilijua hilo vizuri. Hakuna wakati mwingine ambao angethubutu.

Wanawake walikuja kumliwaza, na kila mmoja aliingia na kutoka na neno moja: subira yavuta heri. Ashura akawajibu, "Subira ninayo. Heri nitaivuta mwenyewe."

Hija alipaka gari rangi ya kijani. Alipita nalo chini ya dirisha la mjane akipiga honi. Na bampa aliling'oa, kwa kuwa mji mzima ulikuwa ukiliita kwa jina la mwenyewe, akatia jingine jipya kutoka Dar es Salaam, la chuma kimoja kipana, linalometameta. Watu walilisifu. Mimi nililitemea mate, na sijutii.

Ikafika arobaini ya marehemu. Hija alitaka hitima kubwa, watu waseme. Akatuma watu kuazima masufuria kwa Ashura, hakuona haya. Nilitaka kuyakataa mimi. Ashura akasema kutoka nyuma ya pazia, "Anayeombewa ni mume wangu. Wape." Na wapishi je? Wapishi wa mji ni sisi sisi. Hija hakulifikiria hilo. Wanaume wetu hawaingii jikoni, na anayepita hapo haoni kitu ila nyama.

Uani kwake udongo ulikuwa mchanga laini, mafiga yakawa yanazama kila tukitua sufuria. Nikaita, "Hija, tupe kitu cha kukalishia masufuria!" Naye, akiwa kwenye kiti chake na wageni, bila kugeuka, akajibu, "Si vyuma hivyo hapo ukutani? Chukueni."

Nikavichukua. Viwili, bapa, vimepinda mwishoni. Nilikigeuza cha kwanza, nikaona doa jeusi la malengelenge katikati. Nikakigeuza cha pili, nikaona alama ya tindo karibu na tundu. Hija alikuwa mtu wa mkono mgumu, hakuweza kutupa chuma kizuri. Nikaweka vyuma juu ya mafiga, nikatua sufuria, nikampikia Majaliwa pilau ya arobaini juu ya bampa alilolifunga kwa mkono wake. Nililia, na wenzangu wakadhani ni moshi.

Desturi yetu, vyombo vya kuazima hurudishwa na mpishi. Jioni ile tulizungusha jamvi kwenye masufuria, na ndani ya jamvi mlikuwa na vyuma viwili. Kuna aliyeniambia baadaye kwamba ule ulikuwa wizi. Mwizi huchukua cha mtu. Mimi nilirudisha.

Ashura alifungua jamvi akiwa amekaa kwenye mkeka wake wa eda. Akaweka kiganja juu ya lile doa la Saadani, akainama, akalia kwa sauti. Sikupata kumwona akilia vile kabla, wala baadaye. Kisha akafuta uso.

"Chausiku, ukwaju upo?"

Siku zote zilizobaki za eda alisugua. Na kwa vile madereva wa malori walikuwa wenzake marehemu na walikuja kumpa pole mlangoni, aliwapa salamu: mmoja azipeleke Saadani kwa Mwanabaraka, mwingine Chalinze kwa Mzee Pazi. Hija alipita na honi yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini yeye alidhani ni kimya tu.

Eda ilipokwisha Ashura alioga, akajifukiza udi, akavaa nguo safi. Mjane akitoka huanza kwa kusalimia wazee. Yeye alianza kwenye baraza la Liwali, tukiwa nyuma yake na jamvi letu vichwani. Njiani watu waliinuka vibarazani kutazama. Mmoja akamwita, "Bi Ashura, mnyonge hana haki, rudi nyumbani!"

"Basi mimi si mnyonge," alijibu, bila kupunguza mwendo.

Hija aliitwa. Alikuja na gari, akaliegesha mbele ya baraza ili watu walione. Liwali, mzee wa sauti ndogo asiyependa kelele, akamwambia aseme.

"Gari la marehemu ndugu yangu," Hija alisema. "Alilinunua zima, kama unavyoliona. Hakuna kilichobadilishwa ila rangi. Kadi hii hapa."

"Hakuna kingine?"

"Wallahi hakuna."

Liwali akamgeukia Ashura. Naye hakuanza kulalama wala kutaja machozi yake. "Bwana Liwali, naomba utoke nje uangalie."

Wakatoka, na mji mzima ukatoka. Ashura akasimama mbele ya gari. "Tazama pete za taa. Tazama fremu ya rejeta. Zina weupe wenye umanjano, nikeli ya zamani. Sasa tazama bampa. Weupe wake ni wa buluu, huu ni kromu. Vitu hivi havikuzaliwa siku moja." Akainama. "Na hii mikono inayoshika bampa ina tundu juu na tundu chini. Bampa hili ni chuma kimoja, limeshika tundu la juu. La chini liko wazi, linatutazama. Muulize Hija lilikuwa limeshika nini."

Liwali aliinama. Akatia kidole chake ndani ya lile tundu, akakitoa. "Hija?"

Hija akasema pengine ndugu yake alibadilisha zamani, yeye hakumbuki. Kidogo kidogo watu wakaanza kunong'ona. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata fupi ina vumbi lake, na Hija alikuwa na vumbi mpaka kwenye kofia.

"Haya," alisema Liwali. "Bampa limebadilishwa. Hilo halimfanyi mwanamke huyu kuwa mwenye gari. Bi Ashura, una mashahidi?"

"Fakhruddin aliyenipa ni marehemu, na bintiye yuko mbali. Ila ninao walionipa bampa."

Tulikuwa watatu: mwanamume mmoja na wanawake wawili, kama sheria inavyotaka. Liwali alikuwa mwerevu. Akamwamuru karani alipeleke jamvi letu ndani, bado limefungwa, kisha akatuita mmoja mmoja.

Mwanabaraka alisema alitoa chuma kutoka juu ya moto wake, kwamba katikati upande wa ndani kimeungua kikatoka malengelenge, na kwamba alipewa sufuria la shaba ambalo analipikia hadi leo. Mzee Pazi alisema aliweka tindo upande wa ndani, karibu na tundu la kushoto, akasimama kwa sababu mwanamke huyu alimshika mkono. "Akanishika hivi, Bwana Liwali, na tindo ina moto." Kila mmoja aliulizwa Majaliwa alisema nini siku ile. Kila mmoja akajibu peke yake: gari la mke wangu, mimi dereva wake tu. Nikaulizwa mimi, nikaongeza na pilau, maana na hilo alilisema. Liwali akatabasamu kidogo.

Jamvi likafunguliwa. Doa lilikuwa pale. Alama ya tindo ilikuwa pale. Vyuma vikapelekwa nje, bampa la kromu likafunguliwa, na vile viwili vikawekwa kwenye mikono ya gari. Bolti zikaingia kwenye matundu, la juu na la chini, bila kupigwa nyundo.

"Na ulivipata wapi?" Liwali aliniuliza.

"Chini ya sufuria la hitima, Bwana Liwali. Hija mwenyewe alisema tuvichukue."

Watu waliangua kicheko ambacho nakisikia mpaka leo. Liwali akangoja kiishe, kisha akahukumu kwamba marehemu alikiri kwa kinywa chake mara mbili mbele ya mashahidi, kwamba gari si mirathi, ni mali ya Ashura binti Mbaruku, na kadi iandikwe jina lake.

Mtu mmoja, tena yule yule wa mnyonge hana haki, akauliza nani sasa atamwendeshea. Ashura alikuwa amepiga magoti mchangani, mkononi ana spana ya mumewe, akikaza nati ya mwisho. Aliinuka, akajipangusa, akampokonya Hija ufunguo kwa adabu kamili, akaingia. Alipita mji mzima, mwanamke wa peke yake kwenye usukani, mimi pembeni nikishikilia kofia ambayo sikuwa nayo. Alipofika kwenye kibaraza cha Hija alipiga honi mara moja. Nadhani alistahili hiyo.

Mwaka uliofuata Hija alimwoza binti yake Mina. Na Mina, mtoto mzuri asiye na kosa, alisema hatapanda gari jingine ila la mke wa baba yake mkubwa. Hija akamtuma mkewe kuazima. Ashura akamwambia, "Gari nitatoa, na pilau nitapika. Lakini mwambie mwenye shida aje mwenyewe."

Alikuja asubuhi ya arusi, amevua kofia. Ashura hakumsimanga hata neno. Alimpa bakuli la ukwaju na majivu, na kitambaa, akamwonyesha bampa. Hija akachuchumaa mbele ya mlango, watu wakipita wakisalimia, akasugua juu, akasugua chini, jasho likimtoka, akitaka imalizike. Akapeleka mkono upande wa ndani, kwenye lile doa, akaanza kulikwangua kwa nguvu zake zote.

"Hapo acha, shemeji," Ashura alisema, akiwa amesimama juu yake. "Hapo ni pangu."